Kila Neno na Shahidi Wake

Nimezeeka, na bado sipendi kuulizwa nilifanya kazi gani miaka ile ya utawala wa kijeshi. Watu wakiniuliza huwaambia nilikuwa karani chuoni, kwa kuwa ukarani hauna swali la pili. Ukweli ni kwamba nilikuwa mtunza maneno. Katika chumba kimoja kidogo, juu ya kilima kinachotazama mtaa wa Wandegeya, Kampala, nilitunza kabati zima la kadi za maneno ya Kiswahili, na nilijivuna nazo kuliko wengine wanavyojivunia watoto wao. Majivuno hayo ndiyo ninayotaka kuyasema hapa. Aibu yake sijaimaliza mpaka leo, na sidhani nitaimaliza.

Kazi ilianzishwa na profesa mmoja mgeni, mtu mrefu, mpole, asiyejua kukasirika. Alitaka kuifundisha kompyuta ya kwao Kiswahili. Kompyuta, alinieleza, haijui kitu. Unaipa mambo ya kweli moja moja: mbuzi ni mnyama. Unaipa kanuni: kila mnyama hula. Kisha unaiuliza, je, mbuzi hula? Nayo inayaunganisha yenyewe na kukujibu kwamba hula, ingawa hakuna mtu aliyewahi kuiambia hivyo. Nikamwambia kwamba maalimu wangu wa chuo cha Kurani alitufundisha vivyo hivyo, ila yeye alitumia bakora. Profesa akacheka sana. Baadaye mambo yakaharibika mjini, wageni wakaanza kuondoka, naye akaondoka na masanduku mawili. Aliniachia kabati, taipureta, na kazi ya kumpigia chapa mambo mapya kila baada ya miezi michache na kumtumia kwa posta.

Kadi zile hazikuwa za kawaida. Zilikuwa na matundu madogo kuzunguka kingo zote, na kila tundu lilikuwa na maana yake: hili la chenye uhai, hili la chakula, hili la kitendo. Neno likiwa na sifa hiyo, nilichukua kikatio kama cha kondakta wa treni, nikalikata tundu mpaka ukingoni, ukabaki mwanya. Ukitaka kuuliza swali unazishika kadi pamoja, unachomeka sindano ndefu ya kufumia sweta kwenye tundu la sifa unayoitafuta, unanyanyua na kutikisa. Zilizokatwa zinadondoka mezani, zisizokatwa zinabaki zinaning'inia. Ukitaka sifa ya pili, unaokota zilizodondoka, unachomeka tena. Sindano nilipewa na dada yangu, ambaye hakuchoka kuniuliza ninafuma nini huko kilimani mbona sweta haionekani.

Watu hudhani neno ukishaliandika umemaliza. Kumbe kuandika ni rahisi, kutunza ndiko kazi. Siku moja ilikuja barua ya profesa kwamba kompyuta imeamua ufagio huzaa. Nilitafuta siku mbili mpaka nikaona: kwenye kadi ya ufagio nilikuwa nimekata tundu la jirani, la chenye uhai, na kwa kuwa kanuni ilisema vyenye uhai huzaa, basi. Tundu moja tu, na ufagio una mimba. Tangu siku hiyo nilikuwa mkali juu ya matundu. Nilikagua kadi moja moja kila juma, nikaziba kwa karatasi na gundi matundu niliyoyakosea, na mtu akigusa kabati langu nilimtazama mpaka akaondoa mkono.

Profesa alikuwa ameacha sharti moja lisilovunjwa: hakuna neno bila shahidi. Shahidi awe mtu aliye hai, aliyelisema kwa kinywa chake mwenyewe, na sentensi yake iandikwe kwenye kadi kama ilivyotoka, bila kusafishwa. Sharti hili lilinitesa. Mimi ni mtoto wa ukoo wa Waislamu waliokuja bara na misafara ya biashara enzi za mababu, nyumba ambayo mtoto akisema "kitabu yangu" chai yake inamwagwa. Sasa nalipwa kuandika "kitabu yangu" na kuitunza kama mboni ya jicho. Mwanzoni niliona ninadhalilishwa. Baadaye nikaizoea, halafu nikaipenda, maana watu wa Kampala hawaongei Kiswahili ili wasifiwe. Wanakiongea wakiwa na jambo la kusema.

Matundu ya upande wa chini yalikuwa ya shahidi: mwanamke au mwanamume, kazi ya nyumba yao, mtaa wanaokaa, lugha ya mama. Jina halikuandikwa, namba tu. Majina yalikuwa kwenye daftari moja nililoficha nyumbani. Watu walipoanza kupotea mjini, wakichukuliwa mchana kweupe na kutiwa kwenye buti za magari, nililichoma daftari lile jikoni kwa dada yangu. Nilijipongeza. Nilijiona mtu mwenye akili na mwenye huruma. Nililala vizuri kwa sababu ya daftari lile.

Shahidi wangu mkubwa alikuwa mama mmoja wa Bukoto. Alikuwa mtu wa kaskazini, mke wa koplo, mwenye sauti nene na mkono mwepesi wa kupiga meza akisimulia. Alikulia kambini, akaolewa kambini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kifupi, kisicho na adabu nyingi. Alikuja kila Alhamisi asubuhi, akanywa chai yangu, akaniita mwalimu, akanicheka.

"Mwalimu, wewe iko na Kiswahili ya msikiti," aliniambia mara ya kwanza. "Mtu nasikia wewe, nafikiri amekufa, unamsomea."

Mume wake alikuwa ameitwa kazini asubuhi moja, yeye na wenzake wa kwao, na hakurudi. Mama yule alikwenda kambini mara tatu kuuliza. Mara ya tatu walimwambia asirudi tena. Akahama na watoto wake watatu, akapanga chumba Bukoto, na huko akapata jirani, mwanamke wa Kiganda aliyeuza nyanya. Walipikia jiko moja, wakagawana chumvi siku zile chumvi ilipokuwa haipatikani hata kwa kujuana. Kila Alhamisi nilisikia habari za jirani huyo mpaka nikaona kama ninamjua.

Siku moja tulikuwa kwenye neno "meza", kumeza. Nikamwomba sentensi. Akasema, "Serikali ilimeza bwana yangu, haijatapika hata kofia." Nikaiandika kama ilivyotoka. Nikakata matundu: mwanamke, nyumba ya askari, Bukoto, lugha ya kaskazini. Nakumbuka nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu ilikuwa sentensi nzuri. Nikamwambia ni sentensi nzuri.

Miezi ikapita. Asubuhi moja akaja kapteni wa usalama. Bahasha yangu moja ya kwenda ng'ambo ilikuwa imefunguliwa njiani, na orodha zile za mambo na namba ziliwatia watu wasiwasi. Nilipomwona mlangoni niliogopa. Lakini hakuwa mkali. Alivaa miwani ya jua na shati la maua, alibisha hodi, alikaa baada ya kukaribishwa. Aliniuliza ninatuma siri gani kwa wazungu. Nikamwonyesha orodha: mbuzi ni mnyama, ndizi ni chakula, ufagio ni chombo. Alizipitia kurasa kumi hivi, akapiga mwayo.

"Sasa hii yote ni ya nini?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Mzee mzima nakaa hapa nacheza na karatasi," alisema, akasimama. "Hii ni mchezo ya watoto, bwana."

Alikuwa anaondoka. Naomba anayesoma alishike hilo, kwa sababu mimi nimelishika tangu siku hiyo. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Kama ningenyamaza, angekwenda zake, akaandika ripoti kwamba kuna karani mpumbavu kilimani, na mambo yangeishia hapo. Lakini niliumia. Miaka yangu minne ya matundu, mtu aliyevaa shati la maua anaiita "mchezo ya watoto".

"Subiri kidogo, afande," nikasema. "Nikuonyeshe inavyofanya kazi. Niulize chochote."

Akarudi, nadhani kwa kunihurumia. Akafikiri. "Nionyeshe maneno ya wanawake."

Nikachomeka sindano, nikatikisa. Kadi zikamwagika mezani. Akaondoa miwani.

"Sasa wanawake ya askari."

Nikaokota, nikachomeka, nikatikisa. Zikadondoka chache zaidi. Akacheka kwa mshangao, kicheko cha mtu aliyeona kiinimacho, na kicheko kile kilinipanda kichwani kama pombe, mimi nisiyekunywa pombe. Hakuomba sindano ya tatu. Mimi ndiye niliyempa. Nikamwambia, "Tena tunaweza kuchagua mtaa," na nikachagua mwenyewe mtaa ambao nilijua utatoa matokeo mazuri, kwa sababu shahidi wangu wa huko alikuwa mwingi wa maneno. Nikachomeka kwenye Bukoto. Zikadondoka kama kadi arobaini, safi, na zote zilikuwa na namba moja.

"Huyu ni mtu mmoja?" akauliza.

"Mmoja, afande," nikasema, nikitabasamu. "Lakini jina hatuna. Tunalinda mashahidi wetu."

Akavuta kiti, akaanza kuzisoma sentensi moja baada ya nyingine. Baadhi zilimchekesha, akanisomea kwa sauti, nikacheka naye. Mpaka dakika hiyo sikuwa nimekumbuka sentensi ile. Nilikumbuka matundu yake, si maneno yake. Niliikumbuka alipoacha kucheka. Aliisoma mara mbili, midomo ikitembea, kisha akaitia kadi mfuko wa shati na kuvaa miwani.

"Jina hatuna," nikarudia.

"Jina ni ya nini?" akasema, wala hakuwa na hasira. "Mama ya Bukoto, mke ya askari, na hapa unaniambia lugha yake. Wangapi wako hivyo?" Akanipa mkono. "Asante, mwalimu. Sasa nimeelewa kazi yako."

Hakunipiga kofi. Hakunitisha. Nimewahi kukutana na watu waliosema majina ya ndugu zao baada ya kung'olewa kucha, nao hulia wakisimulia. Mimi sikuteswa. Mimi nilisifiwa.

Kutoka kilimani hadi Bukoto si mbali. Kwa miguu, kwa mtu mzima mwenye haraka, ni chini ya saa moja. Gari la kapteni liliondoka asubuhi, na yule mama walimchukua kesho yake alasiri. Nilikuwa na mchana mzima, na usiku, na asubuhi nyingine. Nilijiambia labda ninafuatwa. Nilijiambia kapteni atasahau. Nilijiambia nikienda ndipo nitawaongoza mlangoni kwake. Na nilichofanya mchana ule ni kuzipanga kadi zote za kabati kwa alfabeti. Kadi za aina ile hazihitaji kupangwa, sindano huzipata popote zilipo, na hilo nililijua kuliko mtu yeyote Uganda. Nilizipanga mpaka jioni, nikafunga mlango, nikaenda nyumbani kula.

Alhamisi hakuja. Alhamisi ya pili hakuja. Ya nne alikuja. Alipanda ngazi polepole, akakaa kiti kwa upande mmoja kama mtu mwenye jipu, na alikuwa amekonda hata kitambaa cha kichwa kilimzidi. Nikamwekea chai.

"Walinichukua, mwalimu," alisema. "Kwa sababu ya ile maneno ya kofia."

Nikamsogezea kikombe.

"Ile maneno nilisema mahali mbili tu. Nilisema hapa. Na nilisema kwa jirani, tukichambua maharage." Alipiga meza, lakini kwa vidole tu. "Ni yeye. Mimi nakula na yeye, nalia mbele yake, kumbe yeye nauza mimi."

"Na watoto?" nikauliza. "Nani aliwatunza?"

"Yeye. Aliwalisha, aliwaosha, alilala na wao. Unaona? Mtu anafanya hivyo bure? Roho yake ilikuwa inamsumbua."

Nikamtazama na nikaona kwamba hakukosea hatua hata moja. Mambo aliyokuwa nayo yalikuwa mawili, kanuni yake ilikuwa nzuri, na jibu lilikuwa limefungwa barabara. Profesa aliwahi kuniandikia kwamba hiyo ndiyo tabia ya ile programu yake: jambo ambalo haikuambiwa hulihesabu kuwa si kweli. Kwa hiyo kazi ya mtunzaji, aliandika, ni kuhakikisha hakuna jambo linalokosekana. Jambo lililokosekana lilikuwa limekaa mbele ya mama yule, limeshika kalamu.

"Mama," nikaanza, "labda si yeye."

"Basi nani? Wewe?" Akacheka, kicheko kidogo cha kwanza tangu aingie. "Wewe si mtu, mwalimu. Wewe ni kitabu tu."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Neno moja lingetosha. Nilifungua kinywa, na kilichotoka ni kumuuliza kama chai ina sukari ya kutosha, kana kwamba sukari ilikuwepo. Akasema inatosha. Tukafanya maneno sita siku hiyo. Sentensi zake zilikuwa fupi mno, za kuku na kuni na mvua. Nikazikatia matundu yote, hata la mtaa. Mkono ulizoea.

Aliendelea kuja miezi kadhaa, na kila nilipomwona nilijiapiza kwamba leo nitasema. Mara mbili nilikwenda Bukoto kwa nia ya kumwambia mbele ya jirani yake. Mara ya kwanza nilifika dukani kona ya kwao, nikanunua kiberiti, nikarudi. Mara ya pili niliwaona wote wawili uani, kila mmoja na jiko lake, wamepeana migongo. Jirani alikuwa na mtoto mdogo wa mwenzake mgongoni, kwa siri nadhani, kwa sababu mama mtu alipogeuka alimshusha haraka. Nikarudi bila hata kiberiti. Baadaye yule mama akachukua watoto wake akarudi kwao kaskazini, na sikumwona tena. Kadi niliacha kuzituma. Utawala ulipoanguka chumba kilivunjwa, kabati likabebwa, na sikwenda kuuliza limepelekwa wapi.

Miaka mitatu baada ya hapo nilikuwa soko la Wandegeya nikichagua nyanya. Muuzaji alinitazama sana, kisha akaniuliza kama mimi si yule mwalimu wa maneno aliyekuwa akiongea na mama fulani wa Bukoto. Alikuwa amenijua kwa sababu aliwahi kumsindikiza mwenzake mpaka chini ya kilima, akaonyeshwa mimi kwa mbali, zamani, kabla ya yote hayo. Mimi nilimjua kabla hajamaliza kusema.

"Ssebo," alisema, akiniita bwana kwa Kiganda, "yule arikufa. Mwezi ulipita. Mutoto wake ariniletea habari."

Nikasema maneno yanayosemwa. Akapanga nyanya zake upya ingawa hazikuhitaji kupangwa.

"Mimi narikuwa rafiki yake kabisa," akasema. "Halafu wakamuchukua, na alivyorudi hakunisarimia tena. Mwaka muzima kwenye ua moja. Mimi nimefikiri sana. Labda watoto niliwarisha vibaya? Labda nilisema kitu?" Akaniangalia usoni. Alikuwa amezeeka vizuri, uso wa mtu mwema. "Wewe uriandika maneno yake yote. Hakukwambia mimi nirimukosea nini?"

Watu walikuwa wakipita. Hakukuwa na kapteni, hakukuwa na buti ya gari, hakukuwa na mtu yeyote mjini wa kumwogopa siku ile.

"Hapana, nnyabo," nikasema. "Hakuniambia."

"Basi iko sawa," alisema. "Labda ilikuwa ni ule ugonjwa wa kufungwa tu. Webale, ssebo, asante. Umenitoa mzigo."

Akanichagulia nyanya nzuri, akanifungia kwenye gazeti, na akaongeza mbili za bure.